Jumapili za Bure za Bibi Kreszenz

Katika nyumba yetu hakutawala baba wala mama. Kilichotawala ni kisanduku cheusi kilichopigiliwa ukutani ujiani, juu kidogo ya simu. Kilikuwa na kidirisha chenye namba, na kila simu ilipokula kipimo kimoja cha pesa, kisanduku kilifanya tik. Mlio mdogo tu, kama mtu mwenye adabu anayekohoa kanisani. Lakini Bibi Kreszenz aliusikia akiwa jikoni, milango miwili imefungwa, tambi zinachemka, na redio inasali rozari. Mungu alimuumba na masikio ya kawaida kama yetu. Kisanduku ndicho kilichoyanoa.

Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu na mama alikuwa muuguzi wa zamu, kwa hiyo serikali yote ilikuwa mikononi mwa bibi, mzaa baba. Tangu nipate akili sikuwahi kumwona akiongea na simu ameketi. Aliamini kiti hurefusha maneno. Alisimama, mara nyingi akiwa na koti mwilini kama mtu anayewahi basi, akasema: "Walburga, sisi wazima, nguruwe tunachinja Jumamosi, njoo," kisha akakata kabla dada yake kule Biberach hajapata nafasi ya kusema kama atakuja. Sisi Waswabia, watu wa kusini mwa Ujerumani, tunayaita hayo mazungumzo. Shangazi zangu waliolewa kwa simu fupi kuliko hiyo.

Mimi ni Wendelin, umri miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni kwa mapadri kule kilimani. Kila mwisho wa wiki nilirudi nyumbani na vitu viwili: mfuko wa nguo chafu, na ugonjwa wa mbio za magari kwenye intaneti. Nguo zilitibika.

Ligi yetu ilikuwa na madereva wanane waliotawanyika toka milimani hadi baharini, ambao hawakuwahi kuonana. Wote walikuwa watoto wa nyumba ambamo kuna mtu anayehesabu. Modemu, kile kifaa kinachoiingiza kompyuta mtandaoni kwa waya wa simu, ilipokuunganisha, ilikuwa imepiga simu kama binadamu yeyote, na simu ni tik. Kwa sababu hiyo tulijitungia sheria ambazo hata mapadri wetu wangeziona kali. Mazoezi yalifanywa nje ya mtandao, kila mtu na kompyuta yake, peke yake kama mtawa. Hakuna kuingia kabla ya saa ya mbio. Ukivuka mstari wa mwisho unakata papo hapo, hata kama umeshinda. Furaha yako kaifurahie ukiwa umeshakata. Salamu zilikuwa marufuku. Aliyeandika "hamjambo" kabla ya mbio alinyang'anywa pointi moja, kwa kuwa watu saba walikuwa wanalipia kuusoma ujambo wake. Msimamo wa ligi ulitumwa kwa kadi ya posta. Hivyo ndivyo maendeleo yalivyotufikia: tulikimbiza magari kwa nguvu ya umeme, kisha tukakaa dirishani kumsubiri tarishi wa baiskeli.

Ajali yangu kubwa haikutokea barabarani. Ilitokea wakati wa Kwaresima, siku bibi alipokwenda Ravensburg kuzika. Nilimaliza mbio, nikaenda kucheza mpira, nikasahau kukata. Kisanduku kikajisemea peke yake katika nyumba tupu mchana kutwa. Bibi aliporudi alitazama kile kidirisha, akavua kofia ya msiba, akaivaa tena. Hakunigombeza. Aliichomoa modemu, akaishusha chini ghalani, akaiweka kati ya pipa la kabichi na viazi, na huko ilifunga Kwaresima iliyobaki pamoja na sisi.

Ilifufuka Pasaka, ila kwa masharti. Niliruhusiwa tik nane kila mwisho wa wiki. Akisikia ya tisa, modemu ingepelekwa kwenye mnada wa parokia, ikauzwe pamoja na kofia kuukuu na mitungi ya marehemu, na hapo ligi ingekuwa imenifia. Baba alipojaribu kunitetea, bibi alimuuliza ni nani alilipa zile tik za Kwaresima. Baba akakumbuka kwamba lori linahitaji kuoshwa.

Niliishi na tik nane kama ndege kwenye tundu, na ajabu ni kwamba niliongoza ligi. Majani ya vuli yalipoanza kupukutika, nilikuwa juu kwa pointi mbili, nyuma yangu Detlef wa Kiel, mvulana anayekugonga kwenye kona kisha akakuomba radhi kwa kadi ya posta yenye picha ya mnara wa taa. Kadi zake nilikuwa nazo kumi na moja. Zilibaki mbio moja tu, ndefu, mizunguko thelathini. Mshindi wa ligi angepewa usukani wa kuchezea na pedali zake, zawadi ya Gernot wa Ulm, ambaye kompyuta yake ndiyo iliyotupokea sote siku za mbio. Usukani niliutaka. Lakini zaidi ya usukani, nilitaka kushinda kitu. Shuleni jina langu liliandikwa kwenye ukuta mmoja tu, nao ulikuwa ule wa waliopewa adhabu.

Mizunguko thelathini ingekula tik za zaidi ya mwezi. Nilianza kuifikiria ile mitungi ya marehemu.

Ndipo kampuni ya simu ikatangaza neema. Ongeza marki chache kila mwezi, na Jumapili utapiga simu nchini kote bure, kuanzia alfajiri hadi usiku, hata za intaneti. Niliandikia wenzangu, tukapanga mbio za mwisho ziwe Jumapili ya tatu ya Oktoba, saa kumi jioni. Kisha nilijisafisha kucha, nikaenda kumhubiria bibi.

Nilimwambia juu ya upweke wa wazee. Nilimwambia juu ya dada yake Walburga, anayeishi na paka mmoja kiziwi. Nilimwambia kwamba kampuni, kwa hesabu zake, inategemea watu wasiitumie hiyo ofa, na kwamba huko ndiko inakopata faida. Hapo aliacha kukwangua unga wa tambi kwenye ubao. Aliuliza swali moja tu: kisanduku kitanyamaza Jumapili? Nikamwambia hapana, kisanduku hakina habari za ofa, kitaendelea kufanya tik, ila kila tik itakuwa haina bei. Kesho yake akajiandikisha.

Mtego mwema ni ule unaoutega ukiwa unasindikizwa na dhamiri safi. Nilichosahau, mimi mzaliwa wa mahali hapa, mjukuu wa mwanamke anayekausha karatasi za kufungia siagi ili azitumie tena, ni kwamba kwetu kitu kilicholipiwa hakiachwi kiharibike.

Jumapili ya kwanza, baada ya misa, bibi aliingia ujiani na kiti. Na mto wa kukalia. Akampigia Walburga. Akampigia binamu wa Ravensburg. Akampigia Bi. Knupfer, ambaye hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi ambapo mmoja wao, sijui yupi, alivaa kahawia badala ya nyeusi. Wakapatana, kisha wakaendelea kuongea, kisha wakakosana upya, yote hayo bila senti. Kila kisanduku kilipofanya tik, bibi alikitupia jicho la ushindi, kama mtu anayemwona adui akitokwa damu. Alinyanyuka kwenye sala ya jioni.

Jumapili ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu maneno yaliwaisha. Mchana nilipita ujiani nikamkuta bibi anafuma soksi. Mkono wa simu ulikuwa umelala mezani, umegeuzwa juu. Nikauliza kama nikate simu. Aliniambia niache, Walburga yuko upande wa pili naye anafuma. Niliinama nikasikiliza. Kweli, kutoka Biberach ilikuja sauti ya sindano mbili za kufumia, na mara moja paka alipiga chafya. Wanawake wawili wazima, wenye akili timamu, walikuwa wameifungua laini ya taifa ili wanyamaze pamoja.

Jioni hiyo nilimwomba anipe saa moja, Jumapili ijayo, saa kumi hadi saa kumi na moja. Nilimweleza juu ya pointi mbili, Detlef, na usukani. Nilisema ukweli mtupu, jambo ambalo silifanyi ovyo ovyo.

"Saa unayoitaka wewe nimeilipia mimi," alisema.

"Lakini bibi, hata husemi kitu. Mnafuma tu."

"Nafuma kwa simu," alisema bibi. "Wewe ndiye uliyenihubiria upweke wa wazee. Au ulikuwa unanidanganya?"

Nilirudi bwenini nikiwa mtu aliyeshindwa kwa hoja zake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo hubakiwa na silaha moja: uongo ulioandaliwa vizuri.

Simu ya wanafunzi ilikuwa kwenye kibanda chini ya mnara wa kengele. Kengele yetu ina ufa tangu vita, na inalia kama mtu anayepiga ndoo kwa mwiko. Ijumaa, kabla ya basi la nyumbani, niliingia kibandani na sarafu zangu mwenyewe, nikabana pua kwa leso, nikapiga.

"Naongea na Bi. Kreszenz Haberbosch?"

"Ndiye. Sema haraka. Anayelipa nani?"

"Tunalipa sisi, mama. Kampuni ya simu."

"Basi sema polepole."

Nikajitambulisha kuwa Mkaguzi Zwiesele, wa kitengo cha usafi wa nyaya. Nilimweleza kwamba kutokana na wingi wa maongezi ya Jumapili, nyaya zimejaa vumbi, na kwamba Jumapili hii, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja, mitambo itazipuliza kwa upepo mkali. Wateja wote waheshimiwa waifunike simu kwa mfuko, waufunge vizuri, wasiiguse, la sivyo vumbi litamwagika ndani ya nyumba. Kwa mwanamke anayefagia hadi kingo za barabara, nilijua hilo neno la mwisho lingetosha.

Hapo juu yangu kengele ikaanza kulia.

"Nini hicho?" aliuliza bibi.

"Mitambo, mama. Inapashwa moto."

"Kumbe. Na hilo vumbi ni la rangi gani?"

"Kijivu, mama."

"Basi nitatumia mfuko wa unga, mweupe, nilione likitoka. Ubarikiwe, Bwana Mkaguzi. Na hiyo pua yako iwekee mvuke wa maji ya chumvi."

Nilitoka kibandani nikiwa na fahari ya msanii. Kwenye basi nilijikuta nikimwonea huruma, kidogo tu, kiasi kisichoharibu ladha.

Jumapili ilifika na jua lake. Baada ya misa bibi aliketi kwenye kiti chake cha ujiani, nami nikatega sikio mlangoni. Ilikuwa raha kumsikia. Alimpigia Walburga akamweleza habari ya vumbi, kwa kirefu, na nyongeza zake: sasa upepo ulikuwa unatoka kituo kikuu, na kuna nyumba moja karibu na ziwa ambamo mapazia meupe yaliharibika kabisa. Akampigia binamu. Akampigia Bi. Knupfer, wakapatana mara ya pili. Sauti yake ilikuwa imechangamka kama ya msichana. Nami nikajiambia, acha atangaze, kadiri watu wengi wanavyofunika simu zao ndivyo laini itakavyokuwa nyepesi. Nilijiona mkuu wa majeshi ambaye adui anamchimbia mahandaki.

Kabla ya saa kumi aliingiza simu ndani ya mfuko wa unga, akaufunga shingoni kwa kamba ya aproni, akaenda jikoni kukata keki ya plamu. Nilijifungia chumbani. Modemu ikalia, ikakwaruza, ikaingia.

Ujiani kisanduku kikafanya tik.

Simu ilikuwa imefungwa ndani ya mfuko, na kisanduku kinahesabu; hata mtoto angejiuliza ni nani anayeongea. Nilisubiri hatua za bibi. Hazikuja. Nilisikia kisu kikigonga sahani, na redio. Nikahitimisha kwamba uzee hatimaye umeyafikia yale masikio, nikakanyaga mafuta.

Sijawahi kuendesha vile. Mizunguko ya mwanzo Detlef alinishika mkia, akanigonga mara mbili, nikaona kabisa kadi mbili za posta zikijiandika. Kwenye mzunguko wa kumi na mbili alikosa breki kwenye kona ya chini, akalima mchanga. Mzunguko wa kumi na saba nilikuwa peke yangu mbele, barabara yote ni yangu, vidole vyepesi, tik, tik, kila moja bure. Nilianza kufikiri nitauweka wapi ule usukani bwenini ili kila anayepita auone bila mimi kuonekana ninauonyesha.

Mzunguko wa ishirini na mbili, dunia ikasimama. Magari yote yaliganda, la Detlef likiwa limening'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Kisha kioo kikaandika kwamba kompyuta ya Gernot haipatikani.

Nikakata. Nikapiga tena. Haipatikani. Sheria yetu ilikuwa wazi: mbio zikikatika kabla ya robo ya mwisho, zinarudiwa kesho yake saa moja jioni, na asiyefika hapati kitu. Sheria hiyo niliipendekeza mimi, majira ya kuchipua, siku ambayo kukatika kulinifaa.

Baada ya muda simu ililia ndani ya mfuko wa unga. Bibi alikuja taratibu, akafungua kamba ya aproni, akasikiliza, kisha akaninyooshea mkono wa simu uliopakaa unga.

"Yako hii, Bwana Mkaguzi," alisema, akarudi jikoni.

Alikuwa Gernot, karibu kulia, akipiga kutoka kibanda cha simu cha barabarani. Aliniambia mama yake ameingia chumbani kwake na kuchomoa waya wa simu ukutani. Amefunika na kompyuta kwa taulo. Amesikia kanisani, kwenye ibada ya mchana, kwa mwanamke anayeimba naye kwaya, ambaye alipigiwa na mama mkwe wake wa Biberach, kwamba kampuni ya simu inapuliza vumbi. Mfuko peke yake hautoshi, wanasema. Kuna nyumba karibu na ziwa imepoteza mapazia. Ulm nzima imejifunika, alisema Gernot. Ni mjinga gani anaweza kuanzisha kitu kama hicho?

Nikamwambia siku hizi watu hawana haya. Tukakubaliana, kwa mujibu wa sheria, kesho saa moja jioni. Kesho saa moja jioni mimi ningekuwa kilimani, kwenye chumba cha kujisomea, mbele ya Padri Ansgar na vitenzi vya Kilatini.

Bibi alikuwa ameshaweka kahawa. Vipande viwili vya keki, na krimu.

"Ulijua tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu kengele. Babu yako alisoma hapo hapo. Ndoo ile ningeitambua hata kaburini."

"Sasa kwa nini uliwapigia watu wote?"

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini mvua hulowesha. "Mwanangu, Jumapili nzima iko wazi, imelipiwa, na sina la kusema. Wiki iliyopita mimi na Walburga tulikaa tukasikilizana pumzi. Umeme wa watu, jamani, tunautumia kupumua. Halafu wewe unaniletea vumbi." Alifuta macho kwa ncha ya aproni, na sikuwa na uhakika kama ni kicheko. "Knupfer amefunga simu yake ndani ya foronya mbili na mkanda wa marehemu mumewe."

Jumatatu jioni Detlef alishinda. Alhamisi nikapokea kadi yenye mnara wa taa: aliniomba radhi kwa kushinda nikiwa sipo. Kitu kinachouma ni kwamba alimaanisha.

Mkutano wa amani ulifanyika mwisho wa wiki uliofuata, jikoni, mbele ya tambi. Modemu haiendi mnadani, alisema bibi, kwani kisanduku kimehesabu Jumapili, na Jumapili haina bei. Tena, kuanzia sasa, saa kumi hadi saa kumi na moja ya kila Jumapili ni yangu. Kwa sharti moja. Kabla ya misa nimpe habari moja, mpya, yenye kichwa na miguu, ya kumtosha yeye na Walburga na binamu na Knupfer mpaka saa kumi. Akaongeza kwamba ya vumbi ilikuwa nzuri, ila mkaguzi alikuwa anaongea mno.

Jumapili iliyopita niliwapa habari ya askofu na mzinga wa nyuki. Inafanya kazi, nasikia imeshafika Ravensburg, na nyuki wameongezeka. Saa kumi bibi alinyanyuka kutoka kwenye kiti chake, akanipisha kwa heshima kama mtu anayempisha mpangaji.

Niliingia mtandaoni. Saa nzima, bila bei, bila hofu. Ila ligi imefungwa hadi majira ya kuchipua, na hakuna aliyekuwapo. Niliendesha mzunguko mmoja, nikasimamisha gari kwenye ile kona ya chini Detlef alipolima mchanga. Kisha nikaandika, herufi kwa herufi, bila haraka, neno ambalo ligi nzima haikuwahi kumudu kuliandika: hamjambo.

Ujiani kisanduku kilifanya tik. Nilikaa nikisubiri kama kuna atakayeitikia.